Mama Hodi na Farasi Wanaosubiri Kukaribishwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, maji yanakupwa, na mwanamke mmoja anafukia mashimo.

Farasi hawaonekani. Ana sepetu, ndoo na suruali iliyokunjwa hadi magotini. Anatembea polepole kwenye mchanga mbichi, macho chini kama mtu aliyeangusha hereni. Akikuta shimo lililochimbwa na watoto jana, anavuta mchanga, analijaza, analishindilia kwa kisigino, anaendelea. Akikuta kipande cha chupa anakitia ndooni. Mpaka afike kwenye nguzo ya njano, mita mia tisa kutoka alipoanzia, amehesabu mashimo kumi na saba na kasri moja la mchanga.

"Kasri nimeliacha," anasema. "Lina bendera. Mwenyewe atarudi kuliangalia. Farasi watalizunguka."

Watu wa ufukweni wanamwita Mama Hodi. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Ishirini na saba kati ya hiyo ameitumia na farasi, na kumi na minne ya mwisho amekuwa akiwapandisha wateja na kuwaongoza kwa miguu kwenye ufukwe huu wa watu wote. Ana farasi watatu na vibarua wawili.

Mashimo, anasema, ndiyo adui wa kwanza. Farasi akitumbukiza mguu kwenye shimo la kina cha ndoo anaweza kuuvunja, na farasi aliyevunjika mguu haponi kirahisi kama binadamu. "Lakini siwezi kuwaambia watoto wasichimbe. Mchanga ni wao. Mimi ndiye ninayepita."

Asubuhi hii ana sababu ya kufukia kwa uangalifu kuliko siku zote. Ni siku ya thelathini.

Miezi mitatu iliyopita, farasi wa kikundi kingine alitolewa shoti, yaani mbio kali, katikati ya watu. Akamwangusha bibi mmoja aliyekuwa akitembea na fimbo yake, akamvunja mkono. Mwenye farasi alihama mji kabla wiki haijaisha. Halmashauri ikafunga ufukwe kwa farasi wote, wa mkosaji na wa asiyekosa.

Mama Hodi alikaa siku arobaini na moja bila kazi. Kisha akapewa siku thelathini za majaribio. Mkaguzi mwenye daftari angekaa ufukweni kila siku, na lalamiko moja tu lingetosha kumaliza kibali chake. Angekosa kibali, angelazimika kuuza farasi, na wawili kati yao ni wazee.

"Farasi mzee hanunuliwi ili apandwe," anasema, na sentensi hiyo haimalizii.

Nyumba yake ni vyumba viwili nyuma ya banda. Ukutani, pale ambapo wengine huweka picha ya harusi, kuna jedwali la maji kupwa na kujaa. Picha ya harusi ipo, lakini iko chini yake. Jedwali hilo alijifunza kulisoma kwenye darasa la jioni la watu wazima, alipokuwa na miaka thelathini na minane, na kila mwezi analinakili upya kwa mkono wake. Maji yakijaa, mchanga mgumu unafunikwa, na hubaki ule mkavu wa juu ambako watu wametandika mikeka. Saa hizo farasi wake hawaonekani ufukweni, hata mteja alie machozi.

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, ndiye anayepika uji wa asubuhi. "Mimi hapa ni mke mwenza," anasema akikoroga sufuria. "Wenzangu watatu wana miguu minne, na wanakula kabla yangu."

"Kwani wewe unabeba mtu mgongoni?" mkewe anamuuliza.

"Nimekubeba miaka thelathini."

"Basi subiri nyasi zako."

Wenza wenyewe wana majina. Jike jeupe lenye miaka ishirini na miwili ni Bibi Harusi, kwa sababu halikubali kuharakishwa. Dume la kahawia ni Mkurugenzi. Hula wa kwanza, hufika kazini wa mwisho, na hupenda kupanguswa uso. Wa tatu ni Shangazi, anayekoromea kila tabia asiyoipenda. Katika kila pesa kumi zinazoingia, Mama Hodi anasema, sita huliwa na hawa watatu, moja huenda kwa daktari wa mifugo, na zilizobaki ni za wenye miguu miwili.

Saa mbili na nusu msafara unashuka ufukweni. Farasi wanakwenda kwa hatua, mmoja nyuma ya mwingine, kwenye ukanda wa mchanga mgumu ulioachwa na maji. Mbele anatembea Mama Hodi akishika hatamu za Bibi Harusi. Nyuma kabisa kuna kibarua mwenye ndoo na sepetu, kwa kazi ambayo haihitaji maelezo. Kinyesi cha farasi hakifukiwi mchangani wala hakiachiwi maji. Kinaokotwa kingali cha moto, kinarudi nyumbani, kinakuwa mbolea ya mboga za majirani.

Mita thelathini mbele kuna mama mmoja na wanawe wawili. Mama Hodi anasimama, na farasi watatu wanasimama.

"Hodi hapo!"

Mama anageuka, anacheka. "Karibuni!"

Ndipo Bibi Harusi anapoinua mguu. Hangoji kuvutwa hatamu wala kuchapwa mjeledi. Akisikia "hodi" husimama, akisikia "karibu" hutembea, na hajali ni sauti ya nani. Hodi zikiwa tatu bila jibu, Mama Hodi hugeuza msafara na kurudi alikotoka, kama vile mtu anavyoondoka kwenye nyumba ambayo wenyewe hawajaitikia.

Mazoea hayo yana hasara zake. Siku moja baba mmoja aliyekuwa akila na familia yake alijibu kwa adabu, "Karibu, karibu tule!" Bibi Harusi alimchukulia kwa neno lake. Tikiti maji zima liliisha kabla Mama Hodi hajapata pumzi ya kuomba radhi.

Desturi hii haikutoka kitabuni. Ilitoka kwa fundi cherehani aliyezikwa akiwa hai.

Miaka kumi na minne iliyopita, Mama Hodi alikuwa mfagiaji wa banda la tajiri mmoja. Tajiri alipohama, alimpa Bibi Harusi badala ya mshahara wa miezi minne, maana hakuna mnunuzi aliyemtaka farasi mpole kiasi hicho. Siku hizo saisi, yaani watunza farasi, walikuwa na mchezo wao: kofia inawekwa chini, farasi anatolewa shoti, na mpandaji anainama pembeni kuiokota bila kushuka. Mfagiaji alikuwa ameutazama mchezo huo kwa miaka, akijifunza kimyakimya.

Wiki ya kwanza ya kazi yake ufukweni, aliona kofia ya ukindu imelala peke yake mchangani.

"Nikajua imepeperushwa na upepo," anasema, na hadi leo anafunika uso akisimulia. "Na watu walikuwepo wanatazama. Nikasema moyoni, leo watajua mimi ni nani. Nikamwachia hatamu. Bibi Harusi alikuwa bado kijana, alikwenda kama risasi. Nikainama, nikanyoosha mkono, nikaishika kofia. Chini yake kulikuwa na uso wa mtu."

Ulikuwa uso wa fundi cherehani. Wanawe walikuwa wamemfukia hadi kidevuni kwa mchezo, wakamfunika kofia asichomwe na jua, wakaenda kuogelea. Yeye akapitiwa na usingizi.

Farasi alimwona kabla ya mpandaji. Aliruka pembeni, na kwato lake likatua shubiri moja kutoka sikio la fundi. Mama Hodi alikula mchanga. Alipoinua kichwa, macho yake na ya mtu yule yalikuwa usawa mmoja.

"Nilifungua macho nikaona mama amelala kifudifudi mbele yangu, ana kofia yangu mkononi," anasema fundi, ambaye sasa ana mvi kichwa kizima na bado anashona kwenye duka lake la mlango mmoja. "Nikamuuliza, dada, hiyo kofia unainunua?"

Watu walitaka apelekwe polisi. Fundi, akishachimbuliwa, aliwakatalia. Alimkalisha, akamnunulia maji ya kunywa, akamngoja ayamalize. Kisha akamwambia maneno ambayo Mama Hodi anayarudia kama sala.

"Aliniambia, 'Dada yangu, kwangu mimi hata anayekuja kuchukua suruali yake mwenyewe anapiga hodi. Huku ufukweni hakuna milango, sawa, lakini wenyewe wapo. Utaingiaje mbio kwenye nyumba ya watu?' Hakunitukana. Angenitukana, ningejibu, tukaachana. Aliniambia kwa upole, nikakosa pa kukimbilia."

Tangu siku hiyo farasi wake hawajakwenda shoti mbele ya watu. Na kila mwaka fundi humshonea mifuko ya turubai ya kubebea kinyesi, bila malipo. "Namdai maisha," anasema fundi, kisha anajirekebisha akicheka. "Hapana, yeye ndiye ananidai. Mimi nilipata hadithi ya kusimulia wajukuu."

Saa tano ya siku ya thelathini, kila kitu kilikuwa shwari. Mkaguzi wa halmashauri, mtu mzima mwenye viatu vya ngozi vilivyojaa mchanga, alikuwa ameketi chini ya mwavuli wake, daftari gotini. Kurasa ishirini na tisa hazikuwa na lalamiko hata moja.

Ndipo akaja kijana wa viatu vyeupe.

Alilipia nusu saa, akapanda Bibi Harusi, akampa rafiki yake simu amchukue video. Baada ya hatua hamsini alianza kupiga visigino.

"Mama, huyu vipi? Anatembea kama yuko mazikoni!"

"Anaitwa Bibi Harusi, mwanangu. Umeshawahi kuona bibi harusi anakimbia?"

"Basi nipe yule wa kahawia."

"Yule ni Mkurugenzi. Yeye hata kutembea anataka aandikiwe barua."

Watu walicheka. Kijana hakucheka. Alitaka shoti moja tu, kutoka nguzo ya njano hadi kwenye miavuli. Alitoa pesa maradufu. Mama Hodi akatikisa kichwa. Akatoa mara tatu. Mama Hodi akamshika Bibi Harusi shingoni, akamwomba kijana ashuke, akamrudishia malipo yake yote.

"Mwanangu, nikikuachia, hapo mbele kuna watu mia moja ambao hawajasema karibu. Siwezi."

Kijana alishuka, akavuka mchanga moja kwa moja hadi kwa mkaguzi. "Wewe ndiye wa malalamiko? Andika!"

"Nini kimetokea?"

"Huyu mama nimemlipa hela yangu, amekataa kumkimbiza farasi."

"Kumkimbiza wapi?"

"Hapa!"

"Katikati ya watu hawa?"

"Sasa nikakimbilie jangwani? Andika, mzee!"

Mkaguzi alimtazama, akafungua kalamu, akaandika. Mama Hodi hakusikia maneno. Aliona kalamu ikitembea, basi. Alikwenda upande wa pili wa Shangazi, ambako watu hawamwoni, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa mnyama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Shangazi hakukoroma.

"Siku thelathini," anasema. "Lalamiko moja tu, na limeingia saa tano ya siku ya mwisho. Nilijiuliza, hivi ningemwachia tu akimbie kidogo? Halafu nikakumbuka lile kwato na lile sikio. Nikasema, bora nikose kibali."

Mumewe alimwuliza mezani lalamiko limeandikwaje. Hakujua. Mume akainuka, akaenda kuwaongezea farasi nyasi, kazi ambayo kwa kawaida huifanya huku akilalamika.

Kikao kilifanyika siku kumi baadaye, saa nne asubuhi, katika chumba chenye viti vya plastiki na feni lililokuwa likigeuza shingo huku na huku kama mtu anayekataa. Mama Hodi alikaa safu ya pili na mumewe. Fundi cherehani alikaa nyuma yao, kofia ya ukindu mapajani. Ni ile ile.

Mkaguzi alisimama kusoma. "Siku ya kwanza. Malalamiko, hakuna. Siku ya pili. Malalamiko, hakuna. Siku ya tatu…"

"Mkaguzi, tuambie tu ya mwisho," mwenyekiti alisema.

"Mheshimiwa, nimekaa juani siku thelathini. Nitazisoma zote."

Akazisoma zote. Siku ya tisa, mtoto alitaka kumshika farasi kwa nyuma. Mama mwenye farasi alimwonyesha jinsi ya kuja kwa mbele, farasi amwone. Siku ya kumi na tatu, tiara iliyokuwa ikirushwa na watoto ilianguka karibu; farasi walisimamishwa, wateja wakashushwa kwanza. Siku ya kumi na tisa, farasi mmoja alijisaidia. Kinyesi kiliondolewa kabla mkaguzi hajafungua kalamu. Siku ya ishirini na nne, Jumamosi, watu walikuwa wengi. Farasi walirudishwa nyumbani kwa hiari, mapato yakapotea.

"Siku ya thelathini," alisoma. Mama Hodi akaushika mkono wa mumewe. "Lalamiko moja. Mteja analalamika kwamba mwenye farasi amekataa katakata, hata kwa malipo mara tatu, kumwachia akimbize farasi katikati ya watu."

Mwenyekiti akavua miwani, mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikaenea safu kwa safu hadi kwa fundi, ambaye alicheka hadi akajifunika uso kwa kofia.

Kibali kilitolewa kwa mwaka mzima. Halmashauri ilimwomba pia aandike anavyofanya kazi, ili mwingine yeyote atakayeleta farasi pale atie saini kwanza. Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko ule ule wa jedwali la maji. Sentensi ya kwanza inasema: *Kabla ya kuleta farasi, pita wewe kwa miguu.*

Ukimwuliza anamshukuru nani, orodha ni ndefu. Fundi, aliyeamka mchangani na kuuliza bei ya kofia. Mkaguzi, kwa kusoma zote. Mume, "ingawa usimwandike sana, atavimba kichwa." Bibi Harusi, kwa kuwa na macho siku ambayo yeye hakuwa nayo. Na kijana wa viatu vyeupe.

"Yule namshukuru kweli. Bila yeye daftari lisingekuwa na lalamiko hata moja, na wangesema labda mkaguzi alisinzia. Nikimpata nitampandisha bure." Anafikiri kidogo. "Kwa hatua."

Mipango anayo. Anataka kutengeneza ngazi fupi ya mbao, ili wazee na wenye miguu mizito wapande bila kuinuliwa kama magunia. Lakini kuna jambo moja analoliwaza kuliko ngazi.

Ng'ambo ya nguzo ya njano, karibu kila asubuhi, hukaa yule bibi aliyevunjwa mkono. Mkono umepona, ila haunyooki vizuri. Mama Hodi alikwenda kumwona nyumbani wiki ile ile ya ajali.

"Farasi hakuwa wako," bibi alimwambia. "Unaomba radhi ya nini?"

"Bibi, kilichokuangusha ni farasi. Hukupata nafasi ya kumuuliza yeye ni wa nani."

Bibi alimpa chai, akamsindikiza hadi mlangoni. Siku zote thelathini za majaribio, msafara ulifika kwenye nguzo ya njano, ukapiga hodi tatu, ukakosa jibu, ukageuka. Wateja wengine walinung'unika kwamba ufukwe mzuri uko mbele. Mama Hodi aliwaambia mbele ni kwa watu.

"Ninachotaka mwaka huu ni hicho," anasema. "Siku moja aseme karibu. Asiposema, tutaendelea kugeuka. Ni haki yake."

Asubuhi baada ya kikao, maji yalikupwa mapema. Mashimo yalikuwa tisa. Saa mbili msafara ulifika kwenye nguzo, na mbele, kwenye kiti chake cha kukunja, bibi alikuwa amekaa akitazama bahari.

"Hodi!"

Bibi aliendelea kutazama bahari.

"Hodi hapo, bibi!"

Bibi hakugeuka.

"Hodi!"

Mama Hodi alihesabu pumzi tatu, kama kawaida yake, kisha akavuta hatamu kumgeuza Bibi Harusi. Farasi alikuwa ameshageuza nusu ya mwili iliposikika sauti, kavu na ya kuamuru kidogo, sauti ya mwenye nyumba.

"Ngojeni kwanza."

Bibi alikuwa amegeuza kiti. Kwa ule mkono usionyooka alikuwa akipekua mkoba uliokuwa mapajani mwake.

"Ngojeni nivae miwani," alisema. "Yule wa kwanza sikumwona vizuri. Hawa nataka niwaone."

Bibi Harusi alisimama. Nyuma yake Mkurugenzi akasimama, na Shangazi, na kibarua na ndoo yake. Mama Hodi alilegeza hatamu, akaangalia mahali maji yalipofika, akapiga hesabu ya jedwali kichwani.

"Vaa taratibu, bibi," akamjibu. "Tuna saa mbili kabla maji hayajajaa."